Kadi ya Gorofa ya Nne

Mwaka ule benki iliniona mama wa watoto wengi, na mimi sikuwa na hata paka. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, karani wa mishahara katika kiwanda cha biskuti, naishi chumba kimoja Pipeline, Nairobi, gorofa ya nne, na siku moja bwana mmoja wa benki alinipigia simu kwa sauti ya asali kuniuliza kama ningependa mkopo wa karo. "Kwa ajili ya watoto, madam." Nikamuuliza, watoto gani? Akakohoa. Akasema ameangalia jinsi ninavyotumia kadi yangu, ameona duka la sare za shule, duka la viatu, duka la dawa kila baada ya siku chache, na supamaketi ya mwisho wa mwezi inayoweza kulisha kijiji. Nilicheka hadi nikaketi. Ningemweleza nini, maskini wa Mungu? Kwamba watoto ni wa Mama Kioko wa mlango wa pili, dawa ni za mzee wa mlango wa sita mwenye pumu, na mimi mwenyewe kwa mwezi mzima nilijinunulia sabuni na soksi? Nilimwambia asante, karo imelipwa, nikakata simu.

Nimeikumbuka simu hiyo juzi, baada ya kumzika Nasimiyu. Nasimiyu ndiye tuliyekaa naye kile chumba mwaka ule, na ndiye aliyebaki rafiki yangu hadi ugonjwa ulipomchukua ghafla, katika wiki tatu tu. Tulimsafirisha kwao Bungoma, tukamzika nyuma ya nyumba ya mama yake, tukarudi. Jumamosi iliyofuata binti yake, Nekesa, mwenye miaka kumi na tisa, alikuja kwangu mtaani Umoja akiwa ametoka kufunga nyumba ya marehemu kule Kayole. Alikuwa na mifuko miwili tu. Nikamwandalia chai na viazi vitamu, akala kimoja, akapangusa vidole, akaniambia bila kuzunguka: "Anti, nataka kukuuliza kitu na usinifunike. Mama alinitaka, ama nilimfikia tu?" Nikaanza kumsimulia jinsi mama yake alivyokuwa mcheshi, alivyokuwa na moyo mkubwa. Akanisikiliza kwa adabu kama mtu aliye kanisani mchana wa joto. "Hayo uliyasema mazishini," akasema. "Mimi nauliza ule mwaka. Mwaka wangu."

Sasa, mimi kumbukumbu zangu nazijua, zina tabia ya kujipaka mafuta. Lakini karani hatupi karatasi. Chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati lenye risiti za tangu enzi za Nuhu, na humo zimo taarifa za ile kadi ya mkopo, kuanzia Machi nilipopewa hadi Februari nilipoirudisha, mwezi kwa mwezi, zimebanwa kwa pini iliyoshika kutu. Nikazitandaza mezani. Nekesa akazitazama kwa shaka. Na ana haki, maana taarifa ya kadi ni kitu bubu: tarehe, jina la duka, jumla, basi. Haikwambii kilichonunuliwa wala aliyekila. Lakini mimi ni mtu wa kupekua, siwezi kuona mlango umefungwa nikapita. Nikavaa miwani nikamwambia asogeze kiti.

Kwanza ilibidi nimweleze ule utaratibu wetu, maana bila huo angedhani anti yake alikuwa mwizi. Benki ilituletea kadi makarani wote wa kiwandani, na pamoja nazo ahadi ya pointi: ukinunua kwa kadi unapata pointi, pointi zikijaa unapata zawadi. Mimi niliiogopa, nikaificha ndani ya Biblia. Nasimiyu, aliyekuwa kibarua wa kupakia biskuti katika kiwanda hichohicho, ndiye aliyeitoa. "Syombua, hii kitu inaweza kufanyia gorofa nzima kazi." Akapita mlango kwa mlango. Kila mwisho wa mwezi majirani walinipa pesa taslimu na kuniambia wanachotaka, mimi nikienda dukani napitisha kadi, kisha zile pesa zao nazipeleka benki kabla tarehe haijafika. Milango kumi, kadi moja. Hakuna aliyenidhulumu hata senti, na sijui kama leo ningethubutu tena. Pointi za mwaka mzima zilituletea pasi moja ya umeme. Ilizunguka gorofa kwa zamu, na Jumapili asubuhi ungesikia kwenye korido, "Pasi iko kwa nani?" hadi watu wakachelewa ibada.

Tukaanza kusoma, na haki ya Mungu, ilikuwa raha. Mimi nikiweka kidole kwenye mstari, Nekesa anakisia, kisha natafuta kichwani. Duka la viatu, Mei: ni vya Kioko, shule zilikuwa zinafunguliwa na viatu vyake vilikuwa vimefungua midomo. Duka la vitabu: Biblia ya arusi ya fundi seremala wa mlango wa tisa, aliyechonga kitanda chake mwenyewe kikakataa kuingia mlangoni, akalala sakafuni na bibi arusi hadi alipokikata miguu. Nekesa akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Duka la dawa mara tatu mwezi wa Aprili. "Hii ni wewe," nikamwambia. "Mama yako alikuwa hawezi kuvumilia harufu ya biskuti. Fikiria, mtu anapakia biskuti kutwa nzima, na harufu yenyewe ndiyo inayomtapisha. Alikuwa anafunga kitambaa puani na limau ndani yake." Akaishika ile karatasi ya Aprili kwa mikono miwili.

Chumba chetu kilikuwa na giza mchana kutwa. Jengo lilizunguka uwazi mdogo katikati, na jua lilikuwa likifika gorofa ya saba likachoka. Tulikigawa kwa pazia la maua, kitanda changu huku, chake kule, jiko la mafuta ya taa pembeni, na mitungi ya maji tuliyopandisha kwa ngazi siku ambazo mfereji ulikubali. Dirisha letu lilitazamana na madirisha ya wenzetu, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na siri. Tulijua nani amepika omena, nani amekosana na mumewe, nani anaombea kazi. Tumbo la Nasimiyu lilipoanza kuonekana, habari zilifika gorofa ya kwanza kabla yake yeye. Aliyempa mimba alikuwa dereva wa lori, na sitampotezea wino. Hakununua hata kiberiti. Jioni Nasimiyu alikuwa akiketi juu ya mtungi, miguu ndani ya beseni, akinifundisha kupika mrenda usiokatika, na mimi nikimfundisha kupenda muthokoi, yale mahindi yetu Wakamba yaliyokobolewa. "Chakula cha watu wenye subira," alikuwa akisema akitafuna. "Ndiyo maana nyinyi Wakamba hamfiki mapema." Lakini sahani alikuwa akiirudisha imeng'aa.

Kwenye taarifa ya Juni kulikuwa na mstari mmoja ulionishinda. Hoteli, tena ya katikati ya jiji, na jumla ya kutisha kwa wasichana wa Pipeline. Nikakuna kichwa. Hoteli! Mimi? Nekesa akanitania, "Anti, ulikuwa na sponsa, mzee wa kukulipia?" Nikamwambia koma, nipe nafasi. Kisha ikanijia yote kwa mara moja. Nasimiyu alikuwa ametamani kuku wa kuchoma kwa wiki nzima, akimtaja hata usingizini, na Jumapili moja baada ya kanisa nikamwambia twende. Tuliketi karibu na dirisha, nguo zetu zimepigwa ile pasi ya majirani kabla hata… la, pasi haikuwa imefika bado. Tulizilalia chini ya godoro. Mhudumu akaleta kuku na chipsi. Nasimiyu akatazama sahani, akatazama jikoni, akauliza, "Na ugali?" Mhudumu akasema ugali hakuna. "Hakuna! Sasa tutashibaje?" Alisema kwa huruma ya kweli, kana kwamba wenye hoteli wamepatwa na msiba. Akamla yule kuku hadi mifupa, akajipapasa tumbo, akasema, "Huyu ameshukuru."

"Alisema hivyo?" Nekesa akauliza. "Ameshukuru?" Nikamwambia ndivyo alivyosema. Akageuza karatasi, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtoto. Nilifurahi, nikadhani kazi imekwisha. Nikainuka kuongeza chai. Niliporudi na birika nilimkuta ameganda, kidole juu ya karatasi ya Agosti.

"Anti, hii ni nini?"

Lilikuwa duka la vitu vya watoto, la mjini, jina lake linajieleza. Na chini yake, siku chache baadaye, duka lilelile, jumla ileile, na alama ya kuonyesha kwamba pesa zimerudishwa. Nikapekua mbele: Septemba, Oktoba aliyozaliwa, Novemba, Desemba. Duka lile halikurudi tena. Hakukuwa na mahali pengine popote pa mtoto mchanga katika mwaka mzima.

"Mlinunua, kisha mkarudisha," akasema. "Nani alirudisha?"

Nikamjibu: "Ni mama yako."

Akasukuma kikombe. "Nilijua. Aki nilijua. Watoto wa mjomba kule Bungoma walikuwa wananiambia, mama yako alikutupa. Nikisema sivyo wananiuliza, mbona basi? Miezi minne, anti! Alikaa na mimi miezi minne, akanipakia kwenye basi kama gunia la mahindi. Na hata kabla sijazaliwa, ona, alikuwa ashaanza kunirudisha."

Nilimwambia aketi, maana alikuwa ameshasimama, na nikamwambia kwamba karatasi hiyo inasema kweli lakini haijasema yote. Vile vitu nilivinunua mimi. Ilikuwa siku ya mshahara, nikapita mbele ya lile duka nikaona shali nyeupe dirishani, nikapagawa. Nikachukua shali, beseni dogo, fulana tatu na kofia yenye masikio. Nikavipanga kitandani kwa Nasimiyu, nikapika, nikangoja kushangiliwa. Mimi mtoto wa esteti, mzaliwa wa mjini, ningejua nini? Nasimiyu alifika kutoka zamu ya mchana, akasimama mlangoni, na hakuingia. "Toa," akasema. Nilifikiri ni utani. "Syombua, toa hivyo vitu ndani ya nyumba!" Sauti ilipanda hadi madirisha ya ng'ambo yakafunguka. Mama Kioko akaja mbio, akachungulia, akashika kichwa. "Ala! Wewe Syombua umelelewa wapi? Mtoto hajafika unamtandikia kitanda? Nani amekuambia anakuja?" Ndipo nikaambiwa mbele ya korido nzima kile ambacho kila mtu pale alikijua, awe wa Machakos, awe wa Busia: ambaye hajazaliwa hanunuliwi kitu. Anafika kwanza, ndipo nguo zinamfuata.

Mama Kioko alivibeba vyote hadi kwake, kwa kuwa nyumba iliyojaa watoto haina neno. Nasimiyu alikaa koridoni juu ya ndoo iliyopinduliwa hadi kitanda kilipobaki kitupu, na akaingia polepole akilishika lile tumbo kwa chini. Nilimpakulia muthokoi. Hakutania. Akala kijiko kimoja, akaniambia bila kuniangalia kwamba huyu hakuwa wa kwanza. Kabla ya kuja Nairobi alikuwa na mwingine, msichana, na yule alimnunulia kila kitu, hadi soksi. Akazaliwa kimya. "Nilitoka hospitali mikono mitupu, Syombua, nikafungua nyumba, nikakuta shali kitandani imekunjwa inangoja. Sitaki kurudi kwenye shali tena." Asubuhi nilimwomba aviache vikae kwa Mama Kioko. Akakataa kata kata. Alitaka viwe vya duka, visiwe vya mtoto wake. Akaenda mwenyewe, na miezi yake saba, na miguu imevimba, na mimi nyuma nimeshika kadi. Msichana wa dukani akauliza vina kasoro gani. Nasimiyu akasema, "Havina. Mwenyewe hajafika." Yule msichana alimtazama tumbo, akarudisha pesa bila swali la pili.

Nekesa alikuwa amefunika mdomo. "Nilikuwa na dada?" Nikamwambia ndiyo. "Na kukhu anajua?" Kukhu ndivyo wanavyomwita nyanya yao. Nikamwambia atakuwa anajua, kwani nani alimlea mama yako baada ya msiba ule? Akauliza kama yule dada alipewa jina. Sikujua. Kwa miaka yote ya urafiki wetu Nasimiyu hakulitaja tena jambo lile, na mimi sikumchokoza, ingawa nilitamani kujua mengi. Nikamweleza pia kwa nini hajioni kwenye zile karatasi. Siku ya tatu baada ya yeye kuzaliwa, wanawake wa gorofa ya nne waliteremka hadi soko la mitumba la Gikomba kabla jua halijakolea, wakarudi na mafurushi, kila mmoja na pesa zake mkononi. Nguo zilijaa kitanda. Nasimiyu alizigusa moja moja, akilia na kucheka, akituuliza huyu mtoto ana miguu mingapi. Nani wa Gikomba angekubali kadi?

Alinielewa, nikaona. Lakini yeye ni binti wa Nasimiyu, haachi jambo nusu. "Sawa," akasema. "Aliogopa kunipoteza. Nimekubali. Lakini bado alinipeleka."

Hapo nilijua kitakachofuata, na nilitamani kukitia sukari. Nilikuwa na maneno tayari ya kumpoza, kwamba mama yake alilia machozi, kwamba alilazimishwa. Hayakuwa kweli, na alikuwa ameniomba nisimfunike. Kwa hiyo nikamwambia nilichokisikia.

Ilikuwa Februari. Kazi ya kibarua haina likizo ya uzazi. Nasimiyu alikuwa amerudi kupakia biskuti mtoto akiwa na majuma machache, na Nekesa akishinda kwa Mama Kioko katika lile giza, kifua kimembana, anakohoa kikohozi cha mtu mzima. Kukhu akaja kutoka Bungoma Jumamosi na kuku ndani ya kikapu. Usiku alimsikiliza mjukuu akikohoa. Asubuhi akasema, "Nipe huyu mtoto aende kwenye hewa na maziwa." Nasimiyu akafua nepi zote, hata zilizokuwa safi. Mimi nilikuwa upande wangu wa pazia, najifanya nasoma. Wakala chakula cha mchana. Kisha nikasikia anamfunga mtoto, taratibu, akimwimbia kitu kwa Kibukusu, na nikamsikia anasema: "Mchukue sasa hivi, mama. Usingoje chai. Mchukue kabla sijabadilisha mawazo."

Kukhu aliondoka bila chai. Nilichungulia. Nasimiyu alikuwa ameshika kitasa cha mlango, mlango umefungwa, na yeye yuko ndani. Sasa lazima umjue Nasimiyu ili ulione lile jambo. Huyo ni mtu aliyemsindikiza kila mgeni. Hata aliyekuja kudai kodi ya nyumba alisindikizwa hadi barabarani, wakipiga hadithi. Kwao, mgeni usiyemsindikiza umemfukuza. Na siku ile mama yake mzazi na mtoto wake wa miezi minne waliteremka ngazi za gorofa nne peke yao, wakaenda stegi ya mabasi peke yao. Nilimwona ana roho ngumu. Nilimwona hivyo kwa muda mrefu, na sikumwambia.

"Hakunisindikiza?" Nekesa akauliza.

"Hakukusindikiza."

"Hata hadi chini?"

"Hakutoka mlangoni, mwanangu. Alishika kile kitasa hadi giza likaingia."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakipiga mpira ukutani, na chai yetu ilikuwa imeshika utando. Mazishini binti huyu hakudondosha chozi, watu wakamsengenya, na mimi mwenyewe nilijiuliza. Sasa alikuwa akitazama mlango wangu, ule wa kawaida wa mbao, kana kwamba kuna mtu amesimama pale.

"Anti," akasema, "angefika stegi, hangeniachilia nipande."

Kisha akasema "mama," mara moja, kwa sauti ndogo ya kumwita mtu aliye chumba cha pili, na akalia. Nilimshika. Tulilia hadi watoto wakaacha mpira.